Watu wa Risasi wa Ferista Nambeye

Ferista Nambeye hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti alikalia ukingo, ukimpa uji alikunywa amesimama, na kanisani mchungaji alikwisha kuzoea kumwona akitoka katikati ya mahubiri kwenda kumtazama mbuzi asiye na shida yoyote. Watu wa Tunduma walimwita kiguu na njia. Hakukasirika. Jina likikukaa vizuri utalikasirikia vipi?

Mama yake, Marita, alikuwa kinyume chake. Marita hakutoka. Alilima shamba la nyuma ya nyumba, alichota maji, alikwenda kanisani na kurudi, na jua likizama alikuwa ndani ya nyumba yake, si ya mwingine. Ferista alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Yunisi, katika kijiji cha pili tu, Marita alifika asubuhi akamwosha mjukuu, jioni akarudi kwake, na kesho yake akaja tena na umande miguuni. Vijana walimcheka. Wazee hawakucheka, maana walijua sababu. Kwao mke wa mtu aliye safarini halali nje ya nyumba yake. Akilala kwingine amemfungia mumewe njia, na huko aliko mume atazungukazunguka asione pa kurudia.

Na mume wa Marita alikuwa safarini tangu mwaka 1916.

Alikuwa anaitwa Jairo Simbeye; katika ukoo huo mwanamume ni Simbeye na mwanamke ni Nambeye. Waingereza walipovuka mpaka kuwafukuza Wadachi, yaani Wajerumani, walipita Tunduma wakikusanya wanaume wa kubeba mizigo ya vita, wale tuliowaita tengatenga. Jairo alichukuliwa akiwa anaezeka paa. Vita vilipokwisha baadhi walirudi, wamekonda, na wengine walirudi kama habari tu: fulani alikufa kwa kuhara mahali fulani, nilikuwepo, nilimfukia mimi. Hiyo ilitosha. Ndugu walilia, jina la marehemu likarithiwa na kijana wa ukoo, mjane akanyolewa akawa huru. Lakini habari ya Jairo hakuja nayo mtu, na bila shahidi hakuna msiba. Wanaume walikuja kumposa Marita, akawajibu kwamba ana mume, yuko njiani.

Ferista alikuwa na miaka saba siku ile baba yake alipoondoka. Sura ya baba ilimpotea mapema. Alichobaki nacho ni mgongo wa mtu mrefu, sanduku juu ya kichwa likishikwa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umefunika sikio. Jairo aliumwa sikio tangu utoto, na upepo wa Tunduma, kama unavyojua, haumwonei mtu huruma. Ndivyo alivyoishia barabarani, ameshika sikio.

Sasa tuje kwenye meza.

Mwanzoni mwa miaka ya thelathini kulikuwa na Mwingereza mmoja, jina lake Ludlow, aliyejenga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu ili wasafiri wa kwenda na kutoka Rhodesia wapate kitanda na chupa. Alikuwa amepigana vita ile ile, akatoka humo na mguu mmoja usiokunjika. Hakuna aliyemwita Ludlow. Walimwita Bwana Meza, kwa kuwa katika chumba chake kikubwa palikuwa na meza ndefu kuliko kitanda cha chifu, imemwagwa mchanga, na juu yake milima ya blanketi zilizokunjwa, mto wa kitambaa cha bluu, na askari wadogo wa risasi, ile madini laini ya kuyeyushwa, warefu kama kidole gumba, wamepakwa rangi hadi vifungo vya koti. Bwana Meza na wageni wake walirusha dadu, wakapima mwendo kwa uzi wenye mafundo, wakawasogeza askari, wakafokeana. Watu wazima, ndevu zote hizo.

Ferista alifika pale kuuza vyungu. Alikuwa mfinyanzi hodari, mwenye vidole vilivyohangaika kama yeye mwenyewe. Alipoiona meza alisahau vyungu. Aliizunguka mara kadhaa, mikono nyuma, akitazama. Nyuma ya kila kikosi cha askari palikuwa na mstari wa punje za maharage.

"Na haya maharage, Bwana?"

"Hao tengatenga," alisema Bwana Meza. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kifupi. "Duka za Ulaya zinauza askari, zinauza farasi, zinauza mizinga. Tengatenga hawauzi. Lakini vita yetu bila tengatenga haiendi, kwa hiyo naweka maharage."

Ferista alitaka kuifagia meza ile yote kwa mkono. Badala yake aliacha vyungu vyake pale bila hata kuafikiana bei, akaenda nyumbani mbio.

Aliporudi alikuwa na mtu mdogo wa udongo, mrefu kama kidole gumba, amechomwa vizuri. Sanduku kichwani, mkono wa kulia kwenye sanduku, mkono wa kushoto kwenye sikio. Bwana Meza alimgeuza na kumgeuza. Alimsimamisha nyuma ya askari wake wa Ulaya, akayaondoa maharage kumi.

"Unaweza kutengeneza wengine?"

"Wa udongo watavunjika," alisema Ferista. "Lakini naweza kutengeneza kalibu. Mume wangu ni mhunzi. Yeye amwage risasi ndani."

Ndivyo kampuni ilivyozaliwa, kwa maneno hayo tu, huku Ferista tayari yuko mlangoni anaondoka.

Kumwambia Hezron Silwimba, mumewe, ilikuwa kazi nyingine. Hezron alikuwa mhunzi wa ukoo wa wahunzi, na kwa watu wake mwanamke hasogei kwenye moto wa kufulia chuma, chuma kitakataa. Kwa upande wake Ferista alikuwa mfinyanzi wa ukoo wa wafinyanzi, na kwa watu wake mwanamume hashiki udongo mbichi wa mwanamke, chungu kitapasuka. Sasa risasi inayeyushwa wapi? Hezron alisema ni chuma, kwa hiyo ni kiwandani kwake. Ferista alisema kitu kinachoyeyuka ndani ya sufuria juu ya mafiga matatu ni mapishi, kwa hiyo ni jikoni kwake. Waligombana wakati wote wa palizi. Wazee waliitwa, wakanywa pombe yote iliyokuwepo, wakaamua kwamba risasi ni chuma cha uongo na wenyewe watajua.

Mwishowe walijenga ukuta wa matofali mabichi kati ya moto wa Hezron na banda la Ferista, wakatoboa tundu katikati. Ferista alipitisha kalibu iliyokauka kutoka upande huu, Hezron aliijaza risasi upande ule, akairudisha ikiwa imepoa. Kama kuna kampuni nyingine duniani iliyoendeshwa kupitia tundu la ukuta na mume na mke wasiosemezana, mimi sijaisikia. Upande wa Ferista alikaa pia wifi yake, Ruti, dada wa Hezron, ambaye alikuwa na mkono mtulivu na kazi yake ilikuwa kupaka rangi kwa manyoya ya kuku.

Risasi yenyewe ilitoka kwenye masanduku ya chai, ambayo ndani yalitandikwa karatasi ya risasi, na kwenye betri mbovu za malori. Bwana Meza alileta hayo, alileta rangi, na alileta wateja. Alitundika na kibao mlangoni: LUDLOW NA SILWIMBA, WATENGENEZAJI WA ASKARI WADOGO. Ferista alikisoma, herufi kwa herufi, akauliza Silwimba huyo ni nani aliyetengeneza kitu. Kibao hakikubadilishwa.

Biashara ilishika. Kwanza walikuwa tengatenga peke yao, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuwapata. Halafu askari wa Kiafrika wenye kofia ndefu, halafu mpishi na sufuria yake, mke wa askari na mtoto mgongoni, nyumbu, ng'ombe. Bwana Meza alitunga sheria mpya za mchezo: kikosi kisicho na tengatenga hakisogei, na tengatenga wakifa njaa mzinga unabaki pale pale. Mchezo ukawa mrefu mno, na wageni wakakaa na kunywa siku nzima, jambo ambalo halikumuudhi mwenye nyumba. Wazungu wa mashamba ya kahawa wa Mbozi waliagiza vikosi vizima. Wachimba dhahabu wa huko Mkwajuni, waliokuwa na jioni nyingi na wake wachache, walinunua kuliko wote.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu, nao ulirudi kila mwaka. Wateja waliamini kwamba yule tengatenga anapiga saluti.

"Anapiga saluti kwa mkono wa kushoto," alilalamika Bwana Meza. "Ni makosa. Wananicheka. Mshushe mkono."

"Hapigi saluti. Anaumwa sikio."

"Wote? Tengatenga wote wa jeshi la Mfalme wanaumwa sikio?"

"Wangu wote."

"Ferista, mimi niliwaongoza tengatenga mwenyewe. Mamia. Sikumwona aliyeshika sikio."

"Uliwaangalia?" alisema Ferista, naye akaondoka kabla ya kujibiwa. Kutwa nzima aliizunguka nyumba yake akiokota vijiti na kuvitupa. Alikuwa amekwisha kumwuliza Bwana Meza zamani, siku za mwanzo, kama alimjua Jairo Simbeye. Alisema hakumbuki jina hata moja. Alisema hivyo kwa haya, nadhani, lakini alisema.

Mkono haukushushwa.

Hiyo ndiyo siri ya kampuni ile, kama ni siri. Bwana Meza alitaka mchezo wake uwe kamili, Hezron alitaka mkewe atulie, na Ferista alitaka shahidi. Ndiyo maana hakukubali bidhaa zipelekwe na mtu mwingine. Alizifunga mwenyewe kwenye kikapu, kila mtu amevishwa majani makavu ya mgomba, akadandia malori au akakanyaga kwa miguu hadi Mbozi, hadi Mkwajuni, hadi ng'ambo Rhodesia. Akishawapa Wazungu oda zao, alitafuta soko au kilabu cha pombe, akatandika kitambaa chini, akawapanga watu wake wa risasi mstari mmoja, na kuwangoja wazee. Wazee walikuja, kwa sababu wazee wa miaka ile wengi walikuwa wamebeba. Walichuchumaa. Walisimulia mizigo, njaa, mito. Ferista aliuliza kila mmoja: umewahi kumwona mtu aliyeshika sikio? Hakuna. Alikunja kitambaa, akaenda soko jingine.

Nyumbani Marita hakumwuliza chochote. Alimtazama tu anavyotua kikapu, na Ferista alitikisa kichwa, basi, wakaongea mambo ya mahindi. Kadiri mama alivyozidi kuzeeka ndivyo binti alivyozidi kukosa usingizi. Je, akifa bado anangoja? Mjane asiyekuwa mjane anazikwaje? Ferista alikasirika sana wakati mwingine, na hakujua anamkasirikia nani.

Vita vya pili vikaja. Risasi ikawa adimu kwa kuwa ilihitajiwa kutengenezea risasi za kweli, Bwana Meza akaitwa kukaa kwenye ofisi ya jeshi Nairobi licha ya mguu wake, na moto wa upande wa Hezron ukarudi kufua majembe. Ferista alifinyanga vyungu na kuvichukia. Bwana Meza aliporudi mwaka 1946, nywele zote zimekuwa nyeupe, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwaga mchanga mpya mezani. La pili, alituma watu kumwita Ferista.

"Nina rafiki ng'ambo ya mto Songwe, kule Nyasaland," alimwambia. "Mishonari. Anataka kikosi cha watoto wake. Utapitia Isongole."

Ferista hakuwa amewahi kufika Isongole. Kwa mtu wa miguu kama yake hilo lilikuwa ajabu, lakini huko hapakuwa na Wazungu wa kununua, na kikapu kilikwenda kulikokuwa na wateja. Alipanda milima ya Ileje katika mvua za kwanza, kikapu kichwani. Siku ya soko alitandika kitambaa chake kati ya mwanamke wa ndizi na mzee mmoja wa Kindali aliyeuza tumbaku ya kusokota, jina lake Gwakisa.

Mzee Gwakisa aliangalia, akaweka tumbaku yake chini, akamwokota tengatenga mmoja. Akacheka kwa sauti.

"Kumbe mnamwuza Jairo!"

Ferista alifikiri hakusikia vizuri. "Nani, Mzee?"

"Shemeji yangu, Jairo. Tazama anavyoshika sikio! Upepo ukivuma kidogo tu, alikuwa hivi hivi." Akaliziba sikio lake la kushoto, akakunja uso, na Ferista aliona mgongo wa mtu mrefu barabarani. "Wewe umemjulia wapi, mwanangu?"

"Wewe umemjulia wapi?"

"Mimi? Tulibeba pamoja. Masanduku ya Waingereza, mazito ya kuvunja shingo. Tulipofika milima hii nikamwambia, kwetu ndiyo hapo, mimi naweka chini. Naye akaweka chini. Tukakimbia wote wawili, tukajificha kwa mama yangu." Alimrudisha yule mtu mdogo kwenye kitambaa, kwa uangalifu, kama anayemkalisha. "Akamwoa dada yangu. Mtu mwema. Tulimzika mwaka juzi, wakati wa mavuno. Ng'ombe alichinjwa. Jina lake amekwisha kurithi kijana wetu."

Mwanamke wa ndizi alikuwa akimwita mteja. Ferista alisikia kila neno la mwanamke yule.

"Alisema ana watu kwao?"

"Alisema. Mke, na mtoto wa kike asiyetulia."

"Mbona hakurudi?"

Mzee Gwakisa alisokota tumbaku kidogo. "Mwanzoni aliogopa. Waliotoroka walichapwa viboko hadharani, na kwao ndiko wangemtafuta. Baadaye vita vikaisha, lakini amekwisha kupata watoto. Kila mwaka alisema, baada ya mavuno nakwenda. Ni mwendo wa siku mbili tu." Ndipo alipomtazama Ferista usoni, akaacha kusokota. "Mwanangu, wewe ni binti wa nani?"

Ferista alikunja kitambaa na watu wote ndani yake, bila majani, wakigongana, akaondoka. Kikosi cha mishonari hakikufika Nyasaland. Njia nzima alikuwa akisema peke yake, siku mbili, siku mbili, na watu aliokutana nao walimpisha.

Hezron alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama Yunisi," alisema, "shahidi umempata. Sema alikufa mtoni, amebeba mzigo. Nani atakwenda Isongole kuuliza? Mama alie, anyolewe, apumzike. Wewe pia upumzike."

Lilikuwa shauri la huruma, na Ferista alilichukua. Alitembea kwenda kwa mama yake akilifanyia mazoezi: mto, mvua, mzigo, Mzee Gwakisa alikuwepo. Aliupita mlango wa mama yake, akaenda hadi kisimani, akarudi, akaupita tena.

Marita alikuwa uani anapepeta ulezi. Ferista akaketi chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Mama yake alipomwona ameketi hivyo aliacha kupepeta.

"Umempata."

"Nimempata, mama."

"Amekufa?"

"Amekufa."

Marita aliinamisha kichwa. Uso wake ulilegea kwa namna ambayo Ferista hakuwahi kuiona, karibu kuwa uso wa msichana. "Nani alimwona?"

"Mzee mmoja. Walibeba pamoja."

"Na alifia wapi?"

Mto ulikuwa tayari mdomoni, na mvua, na mzigo. Ferista aliutazama uso ule. Mtu aliyengoja namna hii hapewi maharage badala ya mtu.

"Isongole, mama. Mwaka juzi. Alikuwa na mke huko, na watoto. Walimlilia, wakarithi jina lake."

Kuku walikuwa wamesogelea ungo na hakuna aliyewafukuza. Marita alitoa kokoto moja kwenye ulezi, akaitazama, akaitupa. Akatoa nyingine.

"Nimekataa wanaume watatu," alisema. "Yule mhunzi wa ng'ambo alikuwa mtu mzuri. Alikuwa na meno yote."

"Mama..."

"Umezaa, nami sikulala kwako hata usiku mmoja. Dada yangu alifiwa, nikamwacha na maiti yake jioni, nikarudi hapa. Kumfungulia mtu njia. Nilimfungulia njia, Ferista! Njia ilikuwa wazi!"

Hakulia. Aliinuka, akijisukuma kwa goti, akachukua kanga ya baridi iliyoning'inia mlangoni, akajitupia mabegani. Ungo aliuacha kuku wakila. Alivuka ua, akatoka.

"Mama, unakwenda wapi? Jua linazama."

"Kulala."

"Kulala wapi?"

"Popote," alisema Marita bila kugeuka. "Isipokuwa hapa."

Ferista aliukunja mkeka haraka akamfuata. Yule mama alikuwa na miaka sitini na magoti mabovu, lakini hadi barabara kuu binti yake alikuwa bado hajamfikia.